Joto Lililoandikwa kwa Chaki

Koili ya oveni yangu ya mikate ilipokatika, niliipeleka mtaa wa Katwe kwa mama mmoja Mnubi aliyetengeneza majiko ya umeme katika karakana aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nilidhani atakata waya nyingine ya urefu uleule. Badala yake alichukua chaki, akachuchumaa mbele ya kipande cha bati.

“Umeme wako ni volti mia mbili na arobaini,” alisema. “Tunataka oveni ivute ampea kumi, isichemshe waya za nyumba. Gawanya, mwanangu.”

“Ishirini na nne.”

“Huo ndio ukinzani, ohm ishirini na nne. Sasa zidisha volti kwa ampea.”

Nikapata elfu mbili na mia nne.

“Hizo ni wati zako. Ndilo joto litakaloivisha mikate.”

Kila mita ya waya yake ilikuwa na ohm tatu, kwa hiyo alipima mita nane, akakata, akazungusha kwenye nondo. Alipowasha, koili ilianza kuwa nyekundu taratibu, na mshale wa kipimo cha ampea ukapanda hadi kumi, ukatulia.

Kanuni hiyo nilifundishwa shuleni, nikafaulu mtihani, nikaisahau. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuliandika joto kabla halijakuwepo. Nilisogeza kiganja, likanipokea, nikashindwa kuondoka pale.

“Mama, hukuwa na wasiwasi hata kidogo?”

“Wa nini?” alisema akifuta bati. “Hesabu umepiga wewe.”