Mjukuu Wangu Amenifungia Mlango kwa Ajili ya Nyota ya Kaa

Assalaam aleikum wanangu. Mwenye ukurasa, jina langu lifiche. Mimi ni ajuza wa Mji wa Kale, Mombasa, umri wangu sabini na kitu, hicho kitu Mungu ndiye akijuaye. Sikusoma. Nasema mimi, jirani yangu ndiye anayeandika, na nimemwambia asinipambe.

Nina mjukuu niliyemlea tangu mamake, binti yangu, alipofariki. Sasa kaolewa, anakaa na mumewe ghorofa ya juu yangu, ana mimba ya kwanza na miezi imetimia. Kwetu mzazi hukaa siku arobaini mikononi mwa wazee wake: akandwe, afungwe tumbo kwa mkaja, anyweshwe uji wa pilipili manga. Mafuta ya nazi nimeshapika.

Basi kapata mwalimu wa nyota kwenye simu. Kamwambia nyota yake ni Kaa, na watu wa Kaa hubeba mizigo ya wenzao. Tena chakra yake ya tumbo, eti mlango wa nguvu za mwili, iko wazi mno. Dawa yake aweke mipaka. Mpaka wa kwanza ukawa mimi! Nilipanda na bakuli langu la mafuta, nikapiga hodi, akanijibu nyuma ya mlango:

"Nyanya, utume sauti kwanza kabla ya kupanda. Si kwamba sikupendi. Nalinda nishati yangu."

"Nishati gani, we mtoto? Umekuwa stima?"

Mumewe alicheka huko ndani. Yeye hakucheka.

"Na nikijifungua sitaki mtu aniguse tumbo bila kuniuliza. Hata wewe, nyanya."

Hapo nilichemka. "Kaa nimewasafisha maisha yangu yote, sijaona mwenye komeo! Na huyo mwalimu alikuuliza jina la mamako? Kwetu nyota hupigwa kwa jina lako na la mama. Yeye kakupa nyota ya nani?"

Nikamsikia analia. Mlango haukufunguka.

Tangu hapo huteremsha kikapu kwa kamba dirishani, natia chakula, anavuta. Namkemea toka chini, "Mchuzi unywe, usimwage!" Ananiitika. Lakini situlii. Kiti kikiburuzwa huko juu, nami huku nainuka.

Tena niseme kweli. Arobaini yangu ya kwanza mama mkwe alinikanda hadi nikauma kanga. Hakuna aliyeniuliza. Nilidhani ndivyo mapenzi yalivyo. Sasa naitazama mikono yangu, sijui niiweke wapi.

Jana nilikunja mkaja aliofungwa mamake alipomzaa yeye, nikautia kikapuni chini ya sahani ya wali. Vyombo vilirudi vimeoshwa. Mkaja haukurudi.

Wanangu, hapo nimeitwa ama sijaitwa? Uchungu unaweza kumshika hata leo. Nipande nikabishe, ama niketi hapa chini, shingo juu, nikingoja kamba? Niambieni, tafadhali, na anayejua kukemea anikemee.