Kamustari kenye Kabeya aliniachia pa détendeur

Leo nimekaripiwa na muntu mwenye hayuko hapa.

Asubuhi nilikuwa ku nyumba, Makomeno, niko natengeneza détendeur yangu, kile chombo tunavutia hewa chini ya maji. Kesho nazama mu barrage, lile bwawa, na hewa ilikuwa inakuja kidogo.

Zamani, ile ilikuwa kazi ya Kabeya, mwenzangu wa kuzama. Yeye alikuwa anazungusha vis, ile skrubu ya kufungulia hewa, mi navuta.

"Pole pole, ndugu. Hii haiko kinga, haiko baiskeli," Kabeya alikuwa ananiambia.

Lakini tangu Katanga ilijitangaza inchi, bantu ba Kasai balirudishwa kwabo. Kabeya alipanda treni na bibi yake na matela moja ya kulalia.

Basi nikazungusha mi peke. Kidogo. Tena kidogo. Détendeur ikapiga filimbi, nusu ya chupa ya hewa ikaisha.

Imbwa ya jirani ndiyo tu ilijibu ile filimbi.

Nikavala lunettes, miwani yangu. Pembeni ya vis kuko kamustari, kamechorwa na musumari, na neno moja: BASI.

Alikachora mbele ya kuenda, na hakuniambia.

Nikarudisha vis pale pale, nikavuta. Hewa ikakuja muzuri kabisa.

Nikageuka nimuambie Kabeya, kama zamani.

Mwenye atamuona kule Kasai, amuambie nimesikia.