Mchina wa Saluni ya Makambako

Makambako kitu kikiharibika mapema hakiitwi kibovu, kinaitwa cha Kichina. Ndala ikikatika njiani, ya Kichina. Tochi ikigoma, ya Kichina. Mwanamume akiahidi kuleta posa na asitokee, nimesikia kwa masikio yangu, huyo naye ni wa Kichina. Kwa hiyo waliponibatiza jina la Mchina pale saluni, nilijua hawanisifii. Walikuwa wananiambia kwamba mimi ni feki.

Kosa langu lilikuwa muziki. Napenda nyimbo za Wakorea, na sikuanza jana. Nimeulizwa sababu mara nyingi na watu ambao hawakutaka jibu, basi nitaeleza hapa, halafu yaishe.

Tulipokuwa sekondari Njombe tulikuwa marafiki wawili, mimi na mwenzangu. Yeye aliishi kwa shangazi yake kule mtaa wa Ramadhani, na kwetu palikuwa nyumba ya pili kutoka hapo. Jumapili tukitoka kanisani, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, tulijikunyata chini ya blanketi moja mbele ya deki ya shangazi na kuangalia tamthilia za Kikorea. Zilikuwa zile zilizotafsiriwa na kaka mmoja mwenye sauti nzito, ambaye aliongea peke yake kwa niaba ya wote, mfalme, mama mkwe na mtoto mchanga. Mwigizaji akifungua mdomo, kaka keshamfunika. Lakini wimbo wa mwisho ulipoanza, kaka alinyamaza. Nadhani aliona wimbo si kazi yake. Hapo ndipo nilipoisikia lugha ile kwa mara ya kwanza ikiwa wazi, bila mtu juu yake, na moyo wangu ukaenda. Wa mwenzangu nao ulienda. Nasisitiza hilo kwa sababu baadaye alikana.

Tukaanza kuzitafuta nyimbo zenyewe. Tulizijaza kwenye memori kadi, tukazisikiliza kwa hedfoni moja, upande mmoja sikioni kwake, upande mwingine kwangu. Hatukuelewa chochote, isipokuwa neno moja lililokuwa likijirudia kwenye nyimbo na kwenye tamthilia pia: kaja. Kwetu ni mtu kafika. Kwao, kama kaka wa sauti nzito alivyolitafsiri kila lilipotokea, maana yake ni twende. Siku tuliyogundua hilo tulicheka hadi shangazi akagonga ukuta.

Basi tukalichukua likawa letu. Mazoezi ya kwaya yakituchosha, mmoja anamnong'oneza mwenzake kaja, tunatoka. Mgeni akizidisha maongezi, kaja. Mchumba wake wa kwanza alipomfokea mbele ya watu sokoni, aliniangalia tu akasema kaja, na tukamwacha yule mtu amesimama na viazi vyake. Neno hilo halikuwa na mjadala. Aliyelisema alifuatwa.

Na tulikuwa na ahadi. Atakayetangulia kuolewa, mwenzake atakuwa mpambe wake, atakaa naye ubavuni siku nzima. Kwa wengine hilo ni jambo la maua na picha. Kwangu mimi, ambaye sikuwa na dada, lilikuwa jambo kubwa kuliko harusi yenyewe.

Mwenzangu alipofungua saluni Makambako, karibu na stendi, alinichukua nikawa msusi wake. Makambako upepo hauna adabu, unaingia na vumbi hadi kwenye mafuta ya nywele, lakini nilikuwa na furaha. Asubuhi kabla ya wateja nilikuwa naunganisha simu kwenye spika na kufagia na nyimbo zangu. Matatizo yalianza alipoajiriwa msusi mwingine, dada ambaye sauti yake ilitangulia kufika kabla ya mwili.

"Zima hayo makelele," aliniambia wiki yake ya kwanza. "Unajua hata wanasema nini?"

"Wanasema wanapendana."

"Hao wala mbwa nao wanajua kupendana?"

Wateja wakacheka. Nikamwambia wale ni Wakorea. Akasema Mchina ni Mchina, macho yote ni yale yale. Akachukua simu yangu, akawaonyesha wateja picha ya mwimbaji mmoja aliyepaka rangi ya mdomo, akauliza kama yule ni bwana harusi au bibi harusi, simu ikapita mikononi mwa watu wenye rola vichwani, kila mmoja akatia neno lake. Yeye mwenyewe kichwani alikuwa na wigi kutoka China. Rasta alizokuwa anasukia zilitoka China. Nilipomwambia hivyo hakutikisika hata kidogo.

"Vitu vyao sawa," alisema. "Wenyewe wabaki hukohuko."

Siku moja wimbo ukafika kwenye lile neno. Kaja, kaja, wanaimba. Msusi akasimamisha kitana hewani.

"Kaja nani?" akauliza.

Saluni ikalipuka. Kuanzia siku ile sikuingia tena mlangoni kimyakimya. Mmoja anapaza sauti, "Kaja!" Wengine wanaitikia, "Kaja nani?" Halafu kwa pamoja, hata mteja mgeni ambaye amekaa tu kusubiri zamu: "Mchina!" Mara ya kwanza nilimtafuta mwenzangu kwa macho, maana Makambako nzima yeye peke yake alijua neno lile ni la nani. Alikuwa ameinama anaosha kichwa cha mtu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nilijiambia anachekea sauti ya msusi.

Mchumba wa mwenzangu wa safari hii alikuwa na malori. Si mtu wa huku, alikuja kwa biashara akakaa, na alikuwa mtanashati, hilo sitamnyima. Alishawahi kununua tipa kwa kusubiri makaa ya mawe ya Mchuchuma, makaa ambayo kila mwaka tunaambiwa Wachina wanakaribia kuyachimba, na tipa likawa linabeba mchanga. Hasira ya mchanga ule aliihamishia kwa Wachina. Alikuwa anakaa mlangoni kwetu na kikombe cha chai, anatueleza jinsi Wachina watakavyotumaliza, na nyimbo zangu zikilia ananyoosha kidole kwenye spika kana kwamba wenyewe wamo ndani. Nilimuuliza kama amewahi kuongea na Mchina hata mmoja.

"Sina haja," alinijibu. "Nawajua."

Siku ya sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi ilipopangwa, ifanyike Njombe, ukumbi wa karibu na kwa shangazi, mwenzangu alinikumbusha ahadi yetu mwenyewe, bila kuulizwa. Nilifurahi nikasahau jina la Mchina kwa muda. Akaniomba pia niwafundishe wasindikizaji namna ya kuingia ukumbini wakicheza. Tulifanyia mazoezi nyuma ya saluni, tukipigwa upepo. Niliwapa hatua za kucheza nyimbo zangu, zile za mstari mmoja, wote bega moja, wote mnageuka kulia, wote mnasita kidogo kabla ya mguu kushuka, lakini niliziwekea bongo fleva juu. Walizipenda sana. Msusi mwenye sauti alizipenda kuliko wote, ingawa kila siku aligeukia kushoto na kila siku nilimrekebisha.

Kisha akachukua simu yangu ili abadilishe wimbo. Akaona video. Vijana saba wa Kikorea, bega moja, wanageuka kulia.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe siku zote hizi tunachezeshwa Kichina!"

Hatua zilikuwa zilezile walizokuwa wanazisifia dakika moja iliyopita. Mmoja akapangusa mikono kwenye kanga, wallahi, kama aliyeshika uchafu. Mwenye malori akaja kuona kelele ni za nini, akaelezwa, akasema kwenye sherehe yake hataki Uchina. Nami hasira zikanipanda. Nikawaambia wamuulize bibi harusi wao, nyimbo hizi tumezipenda wote wawili, tangu tukiwa wanafunzi, chini ya blanketi moja.

Wakamgeukia. Alikuwa anakunja taulo.

"Mimi?" alisema. "Mimi hizo nazisikia kwake tu."

Akaendelea kukunja taulo. Nimewahi kuibiwa, nimewahi kusingiziwa, sijawahi kuumia vile. Huyu ndiye aliyekuwa na upande mmoja wa hedfoni.

Kesho yake aliniita pembeni akaongea nami kwa upole ambao ulinichefua.

"Dada yangu, usinune. Nimekuweka kamati ya chakula. Kule nahitaji mtu ninayemwamini."

"Na mpambe?"

"Ameomba msusi mwenzako. Nimeshindwa kumkatalia."

"Huyo anayeniita feki mchana kutwa?"

"Ni utani tu. Wewe siku hizi huna utani."

Unaweza kuniuliza kwa nini nilikwenda. Nilikwenda kwa ajili ya shangazi wa Ramadhani, aliyenilisha nusu ya ujana wangu. Nisingeonekana, yeye ndiye angeulizwa na majirani. Basi nikafunga aproni, nikasimama mlango wa jikoni wa ukumbi, mwiko mkononi, nimevimba.

Bibi harusi mtarajiwa aliingia jioni ile na wasindikizaji wake. Wimbo ulikuwa wa hapa nyumbani. Hatua zilikuwa zangu. Zote. Bega moja, kusita kidogo, mguu chini, na mbele kabisa, ubavuni kwa mwenzangu, msusi mwenye sauti, amevaa gauni la mpambe na kugeukia kushoto. Hawakuwa wamebadilisha kitu ila kuniondoa mimi. Ukumbi ukasimama kwa vigelegele. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema mnaona, hao ndio mabinti wa Njombe, na huo ndio utamaduni wetu wenyewe, hatujaiga kwa mtu. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mama mmoja wa kamati akaniuliza kama naumwa.

Chakula cha meza kuu nilikipeleka mimi. Nilikuwa sijafika katikati ya ukumbi nilipoisikia meza ya saluni.

"Kaja!"

"Kaja nani?"

"Mchina!"

Mshereheshaji akaona kitu kimechangamka, akakidaka bila kujua ni nini. Akapaza, "Kaja!" Ukumbi mzima ukaitikia, wazee wa kanisa, watoto, na wageni waliotoka Makambako na mabasi yao, "Kaja nani?" Mwenye malori alipiga makofi. Nilipita katikati ya kelele hizo na sinia la pilau, na sikuangusha hata punje, ninajivunia hilo mpaka leo.

Nikaanza kupakua. Wakati huo mwenzangu aliitwa asimame akakate keki, akachelewa kidogo kwa sababu ya gauni. Mchumba wake akamshika mkono juu ya kiwiko, akamvuta, akamwambia kitu sikioni huku akitabasamu kwa ajili ya picha. Sikusikia alichosema. Niliona uso wa mwenzangu, na uso ule nilishawahi kuuona, siku ile ya sokoni, kabla hatujamwacha mtu na viazi vyake.

Aliporudi kuketi nilikuwa namwekea sahani. Akanishika kifundo cha mkono chini ya kitambaa cha meza.

"Kaja," alininong'oneza.

Hakulisema kama wao. Alilisema kama kule kwa shangazi, chini kwa chini, akilisukuma mwishoni. Sijui alitaka twende wapi. Labda nje tu, apumue. Labda mbali. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nyuma yangu, na gari lililoleta masufuria lilikuwa bado linasubiri. Alikuwa ananiangalia kwa macho yaleyale ya zamani, na alikuwa na hakika nami, maana neno lile tangu lianze halijawahi kukataliwa.

Nikaweka kijiko sawa pembeni mwa sahani yake. Nikainuka. Nikamjibu kwa sauti iliyofika meza ya pili.

"Kaja nani?"

Mpambe wake ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwenzangu akauachia mkono wangu, nami nikaenda kupakua meza inayofuata.