Kichwa Kilichokataa Kuhama

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na hata sasa kabla sijaisimulia naangalia kwanza kama wifi yangu Kabula, dada wa marehemu mume wangu, hayupo karibu, maana yeye hacheki.

Mjue kwamba kichwa changu kilikuwa kinatikisika. Kilianza nikiwa na watoto wadogo, shingo inavuta upande, halafu kichwa kinakwenda kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayekataa chakula (zahanati walinichoma sindano za makalio mpaka nikashindwa kukaa, waganga wakanichanja chale, wapi!). Nafuu yangu ilikuwa moja tu, nikigusa shavu kwa vidole kinatulia, kwa hiyo kutwa nimeshika shavu.

Basi mwaka ule wa kuhamia vijiji vya Ujamaa, sisi tukikaa mashambani huko Tabora, upande wa Ntalikwa, tukaitwa mkutanoni, akaja mkubwa mmoja kutoka mjini kutueleza tutakakohamia, nami nikakaa mbele kabisa na wanawake wenzangu. Kabula akaninong'oneza, "Wifi, toa mkono. Umeshika tama mbele ya wageni, watadhani tuna msiba." Nikaona haya, nikautoa. Ndiyo hivyo tu, nilitoa mkono.

Mkubwa anasema mtapata shule, kichwa kinakataa. Mtapata maji ya bomba, kichwa kinakataa, tena kwa nguvu, kwa sababu nikiogopa ndipo kinapozidi. Akaninyooshea kidole.

"Wewe mama, unapinga?"

"Hapana, mzee!" nikasema, na kichwa nacho hapana, hapana, hapana.

Watu wakaangua kicheko. Nikakishika kichwa kwa mikono miwili, lakini nyuma yangu walikuwapo wazee wenye hasira zao za siku nyingi, wakapata moyo, mmoja akasimama: "Kama huyu Mama Elia amekataa, na sisi hatuendi!" Kelele zikaanza, mkutano ukavunjika, mume wangu Yona akamkimbilia yule mkubwa, "Ni ugonjwa, mzee, mke wangu anaumwa," na mkubwa anaingia kwenye Landrova bila hata kumtazama.

Wengine waliachiwa muda wa kuvuna. Kwetu mgambo walifika kesho yake asubuhi, wakaezua nyumba, mahindi yakabaki shambani. Huko kupya hakukuwa na shule wala bomba, palikuwa na vigingi tu porini, na mvua ikatukuta kwenye kibanda cha nyasi. Mama mkwe akashikwa na kifua, akafa. Makaburini Kabula akasema mbele ya watu wote, "Kichwa chako kimemuua mama yangu." Yona alikuwa amesimama pembeni yangu. Akaokota jembe, akaendelea kufukia kaburi.

Nimeshazeeka ndipo binti yangu anayekaa Gongoni, Tabora mjini, akanipeleka kwa treni hadi Dar es Salaam, kwa daktari bingwa. Akasema ni ubongo unatuma amri mbovu kwenye misuli ya shingo, si uchawi wala si woga, akanichoma sindano kwenye misuli yenyewe ili ilegee (dawa huisha nguvu baada ya miezi, inabidi kurudia, na siku za mwanzo hata kumeza ugali ilikuwa kazi). Wiki ya pili nikanywa chai, nikashangaa kanga yangu haijalowa.

Niliporudi Tabora, Kabula akaja kunisalimia. Akakitazama kichwa changu.

"Kumbe kinaweza kutulia," akasema.

Nikamweleza habari zote za ubongo na misuli. Akasikiliza mpaka mwisho, akaaga, chai yake hakuimaliza.

Tangu hapo nimeapa, popote nitakapokaa na watu wasionijua, kabla mambo hayajaanza nitasema kwa sauti, "Jamani, kichwa changu kinaumwa. Mkitaka jibu langu, subirini niseme kwa mdomo." Wengine hucheka. Nawaacha wacheke, halafu narudia tena, mpaka nihakikishe wa nyuma kabisa wamesikia.