Gari Jeusi Katika Nchi ya Mbung'o

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka siwezi kukaa kitako. Utanisamehe basi nikizungumza huku nainuka na kukaa. Ndivyo nilivyo tangu ujana, na marehemu mke wangu alikuwa akisema nimezaliwa na siafu ndani ya viatu.

Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya gari. Kubwa, la kifahari, limetumika kidogo tu huko lilikotoka, na bei yake imeshuka mpaka mtu wa kipato chako anaweza kulifikia. Ukasema utaliendesha kila siku, Mpanda kwenda Kasekese na kurudi. Nilitoka nje nikaizunguka nyumba mara mbili. Leo nakujibu, na jibu langu ni refu.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa mashine za kusaga. Mashine ya kijiji ikigoma, waliniita mimi. Nilikwenda kwa pikipiki, leo Kasekese, kesho Mwese, na jioni nilirudi nyumbani mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi soksi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijiona nimechelewa kwa kila kitu. Pikipiki ile haikuwahi kunilaza njiani, lakini niliichukia. Nilitaka watu wasikie mlango wa gari ukifungwa, wageuke, waone ni mimi.

Basi nikasikia Tabora kuna mgeni amemaliza mkataba wake na anauza gari. Nikapanda treni siku hiyohiyo. Nililikuta jeusi tii, refu, viti vya ngozi, vioo vinapanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Mwanangu, sikununua mbuzi kwenye gunia. Mimi ni fundi. Nililala chini ya gari lile nikagusa kila nati, nikanusa oili, nikasikiliza injini mpaka mwenyewe akachoka akaenda kunywa chai. Lilikuwa zima kabisa. Nikatoa akiba yangu yote, na pikipiki nikaiuza palepale Tabora nisije nikapata kishawishi cha kuirudia.

Gari lilipakiwa kwenye behewa la wazi kuja Mpanda, mimi nikiwa behewa la abiria. Kila kituo nilishuka kwenda kulitazama. Mfanyakazi mmoja wa treni aliniambia nikae, gari halina mabawa. Sikukaa.

Sasa nikwambie habari za baba yangu. Alikuwa Mkonongo, mrina asali, mizinga yake ya magome ameitundika ndani kabisa ya msitu wa miombo. Warina asali wa enzi zile walikuwa na desturi moja: mtu haingii porini kabla mwenzake hajamzunguka na kumtazama nguo. Ukionekana na kitu cheusi au cha bluu, hata kitambaa cha kichwa, unakivua na kukiacha nyumbani. Mbung'o wanapenda rangi hizo, wanakikimbilia kitu cheusi kinachotembea, na wengine wamebeba malale, ugonjwa wa usingizi. Baba alivaa shati moja la kaki lililopauka kama majani ya kiangazi. Tangu nikiwa mdogo alinizunguka hivyo kila asubuhi ya safari, mikono nyuma, na mara nyingi nilirudishwa ndani kubadili kaptula.

Nilipolifikisha gari nyumbani, alilizunguka vilevile. Majirani walikuwa wanashangilia, mama anapangusa bampa kwa khanga yake. Baba akamaliza mzunguko akasimama mbele yangu.

"Mwanangu, hii rangi inabadilika?"

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ndiyo rangi ya wakubwa, na gari si shati. Akasema haya, akaingia ndani. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu siku ile lilikuwa limezibwa na makofi ya majirani.

Nikaanza kulitumia kila siku. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wiki za mwanzo sikuhisi kidonda. Nilipakia vifaa vyangu kwenye buti, nikavaa viatu vilivyopigwa rangi, nikafika kijijini na kukaa ndani ya gari dakika mbili zaidi ili nionekane vizuri. Lakini barabara zetu zilikuwa za malori. Malori yalichimba mifereji miwili ya magurudumu na kuacha tuta katikati, na gari langu lilikuwa na tumbo la chini. Likakwaruza kila safari. Kisha kioo cha nyuma kushoto kikashuka na kukataa kupanda. Kifaa chake kiliagizwa Dar es Salaam, nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri miezi, kioo kikiwa wazi.

Kwenye njia ya porini kulikuwa na geti la mbung'o. Kila chombo kilisimamishwa hapo, na mlinzi alikizunguka na wavu mdogo wa mkononi, akiwakamata mbung'o wasije wakaingia nacho mjini. Mlinzi mwenyewe alikuwa Mzee Kalonga, mtu mpole mwenye mzaha. Siku moja alinionyesha chupa yake.

"Fundi, tangu asubuhi yamepita malori mawili, sijapata mbung'o wa kujaza kiganja. Lako peke yake limenijazia chupa."

Tukacheka wote wawili, halafu nikakanyaga mafuta nikaondoka. Laiti ningezima injini nikafikiri dakika moja. Lakini sikuwa mtu wa kuzima injini.

Kiangazi kikaja. Mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amepewa upadri na anasoma misa ya shukrani Karema. Ukoo mzima ulikodi lori. Baba naye akajiandaa kwenda na lori pamoja na wenzake, ameshafunga kitita chake na kibuyu cha asali ya zawadi. Nikakataa. Nikamwambia ataingia Karema amekaa kiti cha nyuma cha gari la mwanawe. Alisema lori linamtosha. Nikamshika mkono, nikamwingiza garini, mbele ya watu ambao asingependa kubishana na mwanawe mbele yao. Mwanangu, ukweli nausema, sikuwa natafuta raha ya baba. Nilitaka Karema wanione.

Tulikwama katikati ya pori, jua la saa sita. Tumbo la gari lilikalia tuta, magurudumu yanazunguka bure. Lori la ndugu zetu lilikuwa limetangulia mbali. Nikaingia chini na jembe dogo kuchimba tuta, na mbung'o wakaja. Walijaa kwenye milango myeusi, wakapita kwenye kile kioo kisichopanda, wakawa wanaruka ndani kama wenye gari. Mimi chini nachimba, nalaani, miguu yangu iko nje haina cha kujikinga nacho.

Halafu nikahisi miguu haiumwi tena. Nikasikia majani yakipita juu yake, polepole, yanakwenda na kurudi. Baba alikuwa ameshuka, amevunja tawi, anafukuza mbung'o kwenye miguu yangu. Nikamwambia arudi akae. Akaniambia nichimbe. Alisimama hivyo hadi nilipomaliza, na nilipotoka chini nikaona shingo yake imevimba madoa matupu. Tawi lilikuwa moja, na alilitumia kwangu.

Misa tuliikosa. Tulifika watu wameshakula.

Wiki kadhaa baadaye baba akapata homa isiyosikia vidonge, na kwenye shingo kidonda kigumu kisichopona. Halafu akaanza kusinzia mchana, kijiko mkononi, neno likiwa nusu mdomoni. Tukampeleka hospitali. Wakapima damu, wakasema ni malale. Dawa ya ugonjwa ule siku zile ilikuwa inaunguza mshipa inamopita, na mganga alituambia wazi kwamba wengine haiwaponyi. Nilimuuliza kama ni mbung'o wa siku ile ya Karema. Akasema hawezi kujua, mzee huyu amekaa porini miaka arobaini. Ni maneno ya huruma, na mpaka leo yapo mlangoni yananingoja. Sijawahi kuyapokea. Miaka arobaini pori halikumgusa, kwa sababu alikuwa analiheshimu.

Sikuweza kukaa hospitali, sikuweza kukaa nyumbani. Nikaenda parokiani nikaomba kopo la rangi ya mafuta iliyobaki walipopaka milango, rangi ya maziwa, na brashi ya ukutani. Nikalipaka gari lile la kifahari kwa mkono, mchana kutwa, bila kulisugua kwanza, jasho na machozi vikichanganyika humo. Watu walisimama kutazama, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Lilikuwa na michirizi, na nyuzi za brashi zimeganda kwenye mlango. Sijui nilidhani rangi itamponya nani.

Mungu akatuhurumia, baba akapona. Siku ya kutoka alikuja mlangoni mwa hospitali amemshikilia mama, amekonda, mikono inatetemeka. Aliliona gari. Akamwachia mama, akaweka mikono nyuma, akalizunguka lote, hatua moja moja, mimi nimesimama kama mtoto anayengoja kurudishwa ndani kubadili kaptula. Alipomaliza akapitisha kiganja juu ya ile rangi ya milango.

"Kumbe ilikuwa inabadilika," alisema.

Hakusema lingine, siku ile wala miaka yote iliyobaki. Angenitukana ningejitetea, maana kujitetea najua. Ile mikono haikuacha kutetemeka. Hakupanda tena mti kutundika mzinga, na mizinga yake iliozea juu, mmoja baada ya mwingine. Gari nikaliuza, nikanunua pikipiki iliyochakaa.

Mwanangu, sikukatazi gari. Nakwambia nililolijua kwa gharama ya mikono ya mzazi. Nilikagua kila nati na sikukagua nchi litakamopita. Usisafirie nyota ya mwenzio: gari lililomfaa mtu wa lami halijaahidi kukufaa wewe. Ukitaka kununua, usimuulize anayeuza, wala usiwaulize watakaokushangilia. Muulize atakayepanda nawe kila siku kwenye njia yako, na akikuuliza swali dogo, hata la rangi, zima injini umjibu. Kuuliza si ujinga, na kuulizwa si kudharauliwa. Na mzazi akisema lori linamtosha, mwache aende na lori lake.

Haya, nenda. Mungu akupe safari fupi na kurudi kwingi. Akupe mtu wa kukuzunguka asubuhi kabla hujatoka, akutazame mbele na nyuma, na akupe sikio la kumsikia angali ana nguvu za kusema.