Fundi wa Samaki na Mama Mkwe Sebuleni

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Joash Walubengo amepiga magoti kwenye kapeti ya watu, mtaa wa Milimani mjini Kitale, na ncha moja ya mpira wa maji iko mdomoni, nyingine imezama ndani ya tangi. Anavuta pumzi mpaka mashavu yanaingia ndani, halafu anautoa mpira haraka na kuutupa nje ya dirisha, kwenye kitalu cha sukuma wiki. Amechelewa kidogo. Anatema.

"Miaka sita na bado ninameza," anasema akijipangusa mdomo. "Usiniulize ladha. Haya ni maji ambayo mtu ameoga, amekula na kufanya mengine yote humo humo."

Mtu huyo ni samaki. Anaitwa Waziri, ni mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, mkubwa kama sahani ya pilau. Anaishi peke yake katika tangi la kioo la lita mia nne, refu kuliko sofa iliyo mkabala nalo. Alipewa jina hilo na mwenye nyumba, Mzee Kiragu, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na chakula kikichelewa anagonga kioo.

Walubengo ana miaka arobaini na moja, anaishi Tuwan na mkewe Edah na watoto watatu, Kevin akiwa wa kwanza. Kazi yake ni kubadilisha maji ya samaki wa matajiri. Ana matangi matano Kitale na matatu Bungoma, likiwemo moja kwa daktari wa meno, ambako anasema samaki ndio pekee wasioogopa. Kila tangi, isipokuwa hili la Kiragu, humlipa shilingi mia tano kwa wiki mbili.

Hakusomea kazi hii. Aliipata kama adhabu.

Miaka sita iliyopita, mwaka 2001, alikuwa fundi wa bomba. Aliitwa hapa kuzibua sinki, na Mama Lorraine, mke wa Kiragu, akamwomba aoshe na tangi, kwa kuwa mzee alikuwa Nairobi. Walubengo akalitazama akaona ni sufuria ya kioo tu. Akamwaga maji yote, akasugua kwa sabuni ya unga na steel wool ya kusugulia sufuria, akajaza maji ya mfereji hadi juu.

"Lilimetameta, bana," anakumbuka. "Nikasimama hapo nikijisifu. Baada ya saa moja, samaki kumi na wanne walikuwa wanaelea."

Wa kumi na tano alikuwa Waziri, wakati huo mdogo kama kijiko. Kiragu aliporudi hakupiga kelele. Alimwambia: "Umeua kumi na wanne. Huyu mmoja utamtunza wewe mpaka afe. Siku atakayokufa, tumemalizana."

Walubengo alikubali haraka. Alikadiria wiki mbili.

"Nilikuwa naomba usiku na mchana huyo samaki afe," anasema bila aibu. "Edah alinikuta nimepiga magoti, akafikiri nimeokoka."

Waziri hakufa. Walubengo akalazimika kujifunza. Alijifunza kwamba maji ya mfereji yana dawa, na lazima yalale kwenye ndoo siku mbili kabla hayajaguswa na samaki. Alijifunza kutoa thuluthi moja tu, kamwe si yote. Wageni wa Kiragu waliona samaki akinenepa, wakauliza fundi ni nani. Leo Walubengo akienda kwa mteja mpya, kitu cha kwanza anachosema ni: "Nenda kwa Kiragu umwone Waziri."

Kwa hiyo siku hizi anaomba kinyume chake. Waziri akifa, anasema, wateja wengine saba watamaliza siku mbili tu kabla ya kuanza kujiuliza.

Saa tatu kasorobo, maji yamefika kwenye alama aliyochora kwa kalamu ya wino. Thuluthi imetoka. Walubengo, akiwa na fulana iliyotoboka na suruali iliyokunjwa hadi magotini, ananyoosha mkono autoe mpira. Mlango wa mbele unafunguka.

"Karibu, mama, karibu ndani!" Ni Mama Lorraine, ameongozana na mwuza kuku. "Hawa kuku kwanza tumpe huyu bwana awashike." Anamaanisha mwandishi wa makala haya, ambaye anajikuta na kuku wanne wa kienyeji mikononi.

Walubengo anageuka. Anamwona mwuza kuku. Uso wake unakuwa kama wa mtu aliyeona moto. Anaruka meza ndogo, anapita mlango wa jikoni, na kuufunga nyuma yake.

Mwuza kuku ni Mama Edah, kutoka Lugulu. Ni mama mkwe wake.

Wasiojua mila za Wabukusu waelezwe hapa. Mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hampi mkono, na hasimami mbele yake na magoti wazi. Siku Walubengo atakapopeleka Lugulu mbuzi na blanketi, mambo yatalegezwa. Ameoa miaka kumi na miwili. Mbuzi bado.

Mama Edah amefunika uso kwa leso. Angependa kuondoka, lakini Mama Lorraine ameshamkalisha kwenye sofa na kumimina chai, na kuacha chai ya mtu ni matusi. Mpira bado uko ndani ya tangi. Maji yanaendelea kutoka. Ncha ya nje iko chini ya dirisha lile lile analotazama mama mkwe, kwa hiyo Walubengo hawezi hata kuzunguka.

"Mama Lorraine!" sauti inatoka jikoni. "Toa mpira ndani ya maji!"

"Mimi? Wee! Si huyo samaki aliniuma kidole Krismasi? Kuja utoe mwenyewe."

"Siwezi kuja!"

"Ati huwezi? Umefungwa?"

"Kuna mtu hapo!"

"Mtu gani? Huyu ni mama wa kuku. Mama, tuombe kwanza chai isipoe."

Mama Edah ni mzee wa kanisa, na maombi yake hayajui haraka. Anaanza na safari njema kutoka Lugulu. Anaombea nyumba hii, ng'ombe wa nyumba hii, mvua, na wagonjwa wote hospitalini mmoja baada ya mwingine. Maji yanashuka chini ya nusu.

"Amina!" inasikika jikoni.

Mama Edah anaendelea na mayatima.

"Amina kabisa!"

Anapofungua macho, pezi la mgongoni la Waziri liko nje ya maji. Samaki anainama upande. Mama Edah anaweka kikombe chini, anainuka, anatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko na kung'oa mpira.

"Mwambie huyo mtu wa jikoni," anamwambia Mama Lorraine, "samaki wake anakufa."

"Baba Kevin, unasikia? Anasema..."

"Nimesikia! Mwambie ndoo ziko hapo ukutani. Maji yamelala. Mwambie amwage polepole kwa jagi, kama anamwogesha mtoto mchanga."

"Mwambie nimeogesha watoto tisa," anajibu Mama Edah, jagi tayari mkononi. "Mmoja wao ameolewa naye."

Mama Lorraine anamtazama mgeni, anautazama mlango, kisha anakaa chini na kucheka mpaka anashika mbavu. "Ngai! Kumbe ni mkwe!"

Ndoo kumi zinaingia, jagi kwa jagi. Maji hayajafika juu, lakini Waziri amefunikwa. Hata hivyo amelala ubavu chini ya tangi, hatikisiki.

Sauti ndogo inatoka jikoni: "Mwambie aniambie kama anapumua."

"Mwambie sioni."

"Mashavu, mama! Mashavu yanafunguka?" Ni mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili kumsemesha moja kwa moja, na kila mtu anajifanya hakusikia.

Mama Edah anasogeza uso kwenye kioo. Waziri anamtazama kwa jicho moja. Mama anakata kipande cha mkate wa chai na kukidondosha majini.

"Mwambie asimpe mkate!" Walubengo anapiga kelele. "Mkate unachafua..."

Waziri anainuka, anameza mkate, na kugonga kioo.

"Mwambie huyu hakuwa anakufa," anasema Mama Edah. "Alikuwa amenuna."

Mzee Kiragu anarudi kutoka shambani Saboti saa sita na kumkuta Waziri akiogelea. Anauliza kwa nini maji yamepungua. Walubengo anamwambia kuna ndoo ambazo hazijamaliza kulala.

Mama mkwe alikwishaondoka, lakini aliacha salamu kwa Mama Lorraine. Anataka tangi kama lile Lugulu, sebuleni, dogo tu, na samaki mmoja mwenye kiburi. Liwe badala ya blanketi; blanketi anazo.

Walubengo anakunja mpira wake na kufikiri. Kioo anaweza kukata na kugundisha mwenyewe. Samaki atampata kwa daktari wa meno. Shida ni moja, na anaisema kwa uchungu: kila wiki mbili lazima mtu aingie sebuleni mwa mama mkwe, akunje suruali, na apige magoti anyonye mpira.

"Kwa hiyo lazima mbuzi atangulie," anasema. "Desemba, kabla ya Krismasi. Nilikuwa nasema ni wa heshima, ningempeleka tu siku moja. Sasa huyo mbuzi ni kifaa cha kazi."