Chupa ya Kufungia Mvua

Wanafunzi wangu wa hadithi fupi nawapenda, lakini kuna jambo moja wananichefua nalo. Mhusika akilia, mvua inanyesha. Akifurahi, jua linachomoza na ndege wanaimba. Nikiwauliza nani kawaambia, wananijibu ndivyo walivyofundishwa, kwamba hali ya hewa ionyeshe moyo wa mtu. Haya bwana. Mie siku mbaya kuliko zote nilizoziona nyumbani kwetu Temeke, anga lilikuwa safi, wingu hata la dawa hulioni.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nasoma bado. Dada yangu alikuwa anaolewa. Bwana harusi alitoka upande wa Kimbiji; watu wake walikuwa waje kwa lori, wazunguke Kongowe, wavuke Mto Mzinga. Harusi iliwekwa mfungo mosi, baada ya Ramadhani, kama desturi yetu, na mwaka ule mfungo mosi ukaangukia katikati ya masika. Barabara zile hazikuwa na lami. Ikinyesha sana, lori halivuki.

Na dada, ole wake, alikuwa mla ukoko. Kwetu kila mtoto wa kike anaonywa: ukila ukoko, siku ya harusi yako itanyesha. Yeye hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wali ukishapakuliwa, anakaa na sufuria mapajani, anakwangua.

"Kwangua tu," shangazi akimwambia, "utaolewa na mwavuli."

Wiki ya harusi utani ukageuka hofu. Mawingu yalikuwa mazito kila asubuhi. Baba alikwisha fariki, mama ndiye aliyebeba kila kitu, na dada alikuwa amewapita kwa umri wasichana wote waliokwisha olewa mtaani. "Ikiharibika hii," mama alisema mbele yake, wala hakuona haya, "hapana nyingine."

Basi shangazi akaleta mzee kutoka Mbagala, bingwa wa kufunga mvua. Alikinga maji ya mvua kwenye chupa, akayasomea, akaiziba chupa kwa kitambaa cheusi, akaizika nyuma ya jiko. Akaonya isifukuliwe mpaka bwana harusi aingie ndani.

Siku yenyewe ikapambazuka jua. Weee! Shangazi alitoka uani, akatazama juu, akapiga kigelegele, na majirani wakaitikia. Masufuria ya pilau yakabandikwa. Kila aliyeingia alitazama juu kwanza, akasema mashallah. Kazi yetu siku ile ilikuwa kutazama juu. Njia hakuna aliyeitazama. Hata mie nilikuwa na furaha.

Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya alasiri. Alasiri ikaswaliwa. Shehe akaketi barazani, akanywa kahawa, akanywa nyingine. Wanaume wakaanza kuzungumza habari za mpira. Akapita mtu wa baiskeli kutoka Kongowe, mama akamkimbilia kumuuliza hali ya mtoni.

"Kuzuri tu, mama," akasema. "Hata mtoto anavuka."

Hapo ndipo tulipokosa la kusingizia. Ingekuwa mvua, kila mtu angekuwa na la kusema: mto umejaa, lori limekwama, watakuja kesho inshallah. Lakini vumbi lilikuwa linatimka barabarani. Watu walianza kuinamisha nyuso, na mama akaingia chumbani akafunga mlango.

Nikazunguka nyuma ya jiko nikajifiche nilie. Nikamkuta dada. Bibi harusi haonekani nje, lakini yeye alikuwa kapiga magoti mchangani, hina mikononi, anafukua kwa upawa.

"Dada! Una wazimu?"

Hakugeuka. "Nikiifungua itanyesha," akasema. "Itanyesha, mdogo wangu, na watakuwa wamezuiwa na mvua."

Akaitoa chupa, akavuta kitambaa, akayamwaga maji yote. Kisha tukakaa pale wawili tunatazama juu. Hata tone. Jua likateremka kwa raha zake kama siku yoyote. Nililichukia jua lile, na nalichukia mpaka leo.

Pilau ikagawiwa mtaani. Baadaye tukasikia kwa wauza samaki kwamba yule bwana kaoa binti ami yake hukohuko kwao. Mvua ikaja wiki iliyofuata, tena ya mafuriko, na haikumsaidia mtu.

Shuleni mwalimu wetu, mtu wa bara, akatutaka tuandike insha ya siku tusiyoisahau. Nikaandika harusi, na mvua nikaitia. Radi, mto unafurika, lori limezama magurudumu, bwana harusi kasimama ng'ambo analia. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa akanisifu. Dada alisoma Kurani chuoni lakini herufi za shule hakuzijua, akaniomba nimsomee. Nilingoja anizabe kofi. Akasogeza kigoda karibu.

"Pale mto ulipojaa," akasema. "Soma tena."

Nilimsomea miaka na miaka. Karatasi ikachanika, nikawa namsimulia kwa kichwa. Wachumba walikuja, akawakataa. Mtu akimuuliza mbona hakuolewa, anajibu kwamba bwana wake alizuiwa na mvua. Mwanzoni nilidhani anaficha aibu, nami nikimwitikia, ilinyesha kweli. Halafu nikagundua hafichi kitu. Ilikuwa imemnyeshea kweli, na mie ndiye niliyeinyeshesha.

Wanafunzi hawanielewi ninapowaambia waache jua liwake. Wanadhani ni ukali wa uzee. Najua mvua zao ni za nini. Moyo ukikosa sababu unaomba mawingu, na ukipewa mawingu hautaki tena kutoka chini yake.

Mwaka aliougua dada, nilikaa naye kitandani mchana mmoja wa kiangazi. Bati lilikuwa linaalika kwa joto. Alifumbua macho, akanishika mkono.

"Mdogo wangu, mto umepungua?"

Niliutazama mlango uliojaa jua.

"Bado, dada. Bado umejaa."

"Basi waambie wasivuke," akasema. "Watakufa maji."